Udongo Uliooshwa Mara Mbili

Kwanza ilisikika sauti ya kukwaruza. Keynan alikuwa ndani ya kibanda cha mabati, amepiga magoti chini ya tangi, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya bomba lililoziba, na alipoisikia alidhani kuna mtu anasugua ubao kwa msasa. Krr, krr, krr. Ilikwenda polepole, bila pupa, kama kazi ya fundi anayelipwa kwa siku. Ikanyamaza, ikarudi. Kisha zikawa sauti mbili, moja nzito na moja nyepesi, zinapokezana. Akajiuliza ni fundi gani huyo aliyefika El-Garas asubuhi namna hii asipite kumjulia hali, maana katika kisima kile hapakuwa na mgeni asiyesalimu, wala hapakuwa na ubao wa kusugua.

Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akatoka nje.

Nyuma ya kibanda walisimama ngamia watatu. Shingo zao zilikuwa zimepita juu ya ua wa miiba kana kwamba ua haupo, na vichwa vimeinama kwenye magunia yaliyopangwa ndani. Gunia moja lilikuwa limepasuka ubavuni, udongo wa kijivu umemwagika, na ndimi tatu zilikuwa zikiulamba kwa utulivu wa viumbe waliokipata walichokuwa wakikitafuta siku nyingi. Aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake aliinua kichwa, akamtazama Keynan kwa muda, midomo imemjaa kijivu, kisha akarudi kwenye shughuli yake.

Keynan aliwatimua. Alipiga makofi, akarusha fito, mwishowe akavua shati na kulipunga mbele ya nyuso zao. Walirudi nyuma hatua kumi hivi wakasimama, kama watu walioambiwa wasubiri nje ya ofisi. Shingoni mwa kila mmoja palikuwa na alama ya chuma cha moto, mistari miwili na nukta, na hakuhitaji kumwuliza mtu. Ngamia hao walikuwa wa Liban.

Akalitazama gunia, akautazama ua. Ua huo aliujenga mwenyewe, na aliujenga kwa kimo cha mbuzi.

Miaka sita nyuma, mwendo wa nusu saa juu ya laga, ule mto mkavu unaopata maji mvua kubwa ikinyesha tu, palikuwa na uwanja wa kuvunjia betri. Mwenye uwanja alitoka mbali. Alinunua betri kuukuu za magari na za sola kuanzia Hagadera hadi mpakani, akazipasua kwa shoka, akayeyusha risasi iliyomo, ile metali laini na nzito, akaipakia na kwenda kuiuza kwingine. Asidi aliimwaga mchangani. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu, kisha akahama, na mvua ya mwaka uliofuata ikateremsha yote aliyoyaacha mpaka kisimani.

Maji ya El-Garas hayakubadilika rangi wala ladha. Waliobadilika ni watoto. Walilalamika tumbo, wakapungua hamu ya kula, wakawa wazito wa kuitika. Sadia, mjukuu wa mwanamke aitwaye Maka, akiwa na miaka minne aliweza kuwataja ngamia wa babu yake Liban mmoja mmoja kwa jina, na mama wa kila mmoja. Alipofika miaka saba alikuwa akikwama katikati ya jina la ndugu yake mwenyewe. Muuguzi alichukua damu ya watoto kumi na wawili, akaipeleka Garissa, na majibu yakarudi na neno moja kwa wote: risasi.

Hapo ndipo udongo ulipoingia katika habari hii, na Keynan pamoja nao. Alikuwa fundi wa maabara, mzaliwa wa Iftin pale mjini Garissa, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye cheti kizuri na tabia ya kujibu swali kabla halijamalizika kuulizwa. Mkuu wake, Daktari Roda, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa na udongo wa mfinyanzi unaochimbwa chini ya silanga, yale mabwawa ya mvua, zikikauka, ule wa kijivu unaopasuka vipande vipande juani. Siku ya baraza Keynan ndiye aliyesimama kuwaeleza watu. Udongo huu, alisema, umepangwa kama kurasa za kitabu. Ukiuloweka katika maji ya chumvi kali siku nzima, chumvi huingia kati ya kurasa na kukaa pale kwa wepesi, kama mpangaji ambaye hajafungua mizigo. Kisha udongo huoshwa, hukaushwa, huchomwa na kufanywa punje. Maji ya kisima yakipita katikati yake, risasi iliyomo, ambayo hushika kwa nguvu zaidi, humtoa mpangaji yule na kukaa mahali pake, na maji hutoka upande wa pili yakiwa safi.

Watu waliuliza mengi siku hiyo. Liban aliuliza moja tu. Alikuwa kaka yake Maka, mwenye ngamia wengi kuliko mtu yeyote pale kisimani, na alikuwa na desturi ya kunyamaza mpaka watu wasahau kuwa yupo. Alitaka kujua hiyo risasi ikitolewa kwenye maji inakwenda wapi.

"Inabaki kwenye udongo, adeer," Keynan alimjibu, akimwita ami kwa heshima ya umri, "na udongo tunautia kwenye gunia. Gunia halina miguu."

Baraza lilicheka. Keynan naye alitabasamu, kwa sababu jibu lilimjia haraka na lilikuwa zuri. Liban aliendelea kumtazama kana kwamba bado anasubiri kujibiwa.

Neno la mwisho lilikuwa la Maka. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, mjane, na zamu za kunywesha mifugo alizipanga yeye bila kuandika popote na bila kukosea. Akasema chombo hicho cha kuchujia kiwekwe. Lakini siku kitakapomdhuru mtoto au mnyama, kitang'olewa siku hiyo hiyo, wala hapatakuwa na baraza la pili. Keynan alikubali kwa niaba ya maabara. Wakati ule aliona ni sharti rahisi.

Chombo kilifanya kazi. Baada ya miezi miwili damu ya watoto ilipimwa tena na risasi ilikuwa imeshuka kwa wote. Sadia alianza tena kuwataja ngamia, ingawa mama zao aliwachanganya.

Lakini udongo ulichoka, kama ulivyotarajiwa. Kurasa zake zikijaa risasi, hauna pa kuweka nyingine, hutolewa na mwingine huwekwa. Maagizo ya Daktari Roda yalikuwa wazi kuhusu mambo mawili. Udongo uliochoka uwekwe kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, upelekwe Garissa. Na udongo mpya, baada ya kutolewa kwenye chumvi, uoshwe mara tano, mpaka tone la dawa ya kupimia lisilete ukungu wowote. Pipa la pili lilipojaa na la tatu halijaletwa, Keynan aliweka uliobaki kwenye magunia, akajenga ua. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa la kuosha.

Aliosha mara mbili.

Si kwamba alikuwa mvivu. Mara ya kwanza aliyoosha udongo pale El-Garas ilikuwa katikati ya jilaal, kiangazi kile kirefu, na foleni ya wanawake wenye madumu ilianzia kwenye bomba ikaishia kwenye kivuli cha mti wa tatu. Kila mwosho ulitaka madumu kumi ya maji yaliyokwisha kuchujwa. Alipomwaga kumi ya kwanza mchangani, Kinsi, mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni, aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Huyu ametumwa atufulie udongo. Huko Iftin nguo zao zimeisha?" Wakacheka. Alipomwaga kumi ya pili hawakucheka tena. Waliyatazama maji yanavyozama, na mchanga unavyofunga nyuma yake. Keynan alilishika dumu la ishirini na moja, akasimama nalo. Hakuna aliyemkataza. Baba yake alikuwa na duka mjini na mfereji nyumbani, lakini babu yake alikuwa mtu wa nyika, aliyekufa njiani kati ya kisima na kisima, na kuna mambo ambayo mtu wa ukoo wa namna hiyo hafundishwi. Akaliweka dumu chini. Udongo aliukausha hivyo hivyo, na kila alipoosha baada ya siku ile aliosha mara mbili, na katika daftari la kazi aliandika tano.

Chombo hakikudhurika na chumvi kidogo iliyosalia. Risasi ilinaswa vilevile, maji yakawa na ladha ya mbali ambayo wengine waliipenda. Keynan alijiambia kuwa Daktari Roda ni mtu wa mjini, hajui thamani ya maji. Alichosahau ni kwamba ngamia hujua thamani ya chumvi. Ngamia wa nyika ile hupelekwa kwenye udongo wa chumvi kila baada ya miezi michache, wakaulamba mpaka wakatosheka; wakiukosa hukonda na maziwa hupungua. Mwaka ule Liban hakuwapeleka. Udongo mzuri wa chumvi ulikuwa upande wa Diff, na njia nzima haikuwa na jani. Kwa hiyo ngamia wake walikuwa na kiu ambayo maji hayaimalizi, na usiku wa kuamkia siku ile upepo ulipovuma kutoka kisimani, walipata harufu.

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya ngazi ya tangi tu. Keynan alipanda, akampigia Daktari Roda, akamweleza, ila habari ya kuosha hakuigusa. Daktari Roda aliuliza wamelamba kiasi gani. Keynan alikadiria kilo moja kwa kila mmoja, huenda zaidi kwa yule mkubwa. Daktari Roda akapiga hesabu kwenye karatasi. Kisha akasema ngamia hawatakufa, na yamkini hawataonyesha dalili yoyote. Tatizo ni maziwa. Tumboni mwa mnyama risasi huachia udongo, sehemu yake huingia kwenye damu, na sehemu ya hiyo huingia kwenye maziwa. Ni kiasi gani, hakuna ajuaye mpaka yapimwe, na mashine ya kupimia iko Nairobi. Wiki mbili. Katika wiki hizo mbili asiyanywe mtu.

"Waambie wenye ngamia," alisema. "Kabla ya maziwa ya jioni."

Keynan akasema atawaambia.

Alishuka, na kuanzia saa tatu hadi adhuhuri alifanya kazi ya watu wawili. Alimimina petroli ya akiba kutoka pipa la jenereta ndani ya madumu, akalisafisha pipa, akalijaza udongo uliomwagika na ule wa magunia yote. Alikwangua mchanga wa juu mahali palipolambwa. Aliinua ua kwa matawi ya miiba mpaka ukampita kichwa. Liban alituma kijana awachukue ngamia, wakachukuliwa. Alipomaliza alisimama mbali kidogo akatazama, na hapakuwa na chochote cha kuonekana. Mtu angepita pale asingeuliza lolote.

Jambo hilo ndilo lililomkalisha chini. Kama ngamia mmoja angeanguka, asingekuwa na la kuchagua. Lakini hakuna atakayeanguka. Akisema, Maka atafanya alilosema, kwa sababu hajawahi kusema kitu asikifanye. Chombo kitang'olewa leo, na watoto arobaini na kitu watarudi kwenye maji yaleyale. Asiposema, familia moja itakunywa maziwa ambayo huenda yana risasi kidogo, kidogo kuliko ile waliyokuwa wakiinywa kila siku kabla hajaja. Angeweza kuomba maziwa ya kupima kwa kisingizio cha utafiti. Angeweza kupata majibu kimya kimya, na kama ni mabaya, hapo ndipo aseme. Ilikuwa ni hoja iliyonyooka. Aliirudia mara kadhaa na kila mara ikanyooka vilevile, mpaka alasiri ikaadhiniwa, akaswali, na jua likaanza kuinama, na alikuwa hajaenda kwa Liban.

Ni Liban aliyekuja. Alasiri ile ilikuwa ya Alhamisi, na kila Alhamisi Liban alimletea mjukuu wa dada yake maziwa, kwa sababu muuguzi alikuwa amesema mtoto anayekunywa maziwa mengi risasi haimshiki sana. Alipita kibandani akiwa na chombo cha maziwa cha kusukwa mkononi, kile kinachofukizwa moshi wa mti kabla ya kukamulia.

"Mhandisi wa matope," aliita, "acha mabomba, njoo ukae na watu."

Hakukuwa na namna ya kukataa. Keynan alimfuata mpaka nyumbani kwa Maka, wakaketi mkekani nje. Liban alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Alisema ngamia wake leo wana siku njema. Walitoroka alfajiri baada ya kukamuliwa, wakarudi na macho ya mnyama aliyeshiba, na hata yule jike mkubwa aliyekuwa akibana maziwa wiki nzima ameyaachia jioni hii bila kubembelezwa. Maka akasema alhamdulillah. Sadia alikuja akaketi karibu na nyanya yake, miguu ameikunja, macho kwenye chombo.

Katika nyumba zile mgeni hunywa kwanza. Liban alikifungua chombo, akakitikisa kidogo, akamnyooshea Keynan kwa mkono wa kulia.

Keynan akakipokea. Povu lilikuwa bado liko juu, na harufu ya moshi ilimpanda puani. Aliyaona maziwa, meupe, hayana tofauti na maziwa yoyote. Akakishika muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Nimefunga leo, adeer," akasema.

Ilikuwa Alhamisi na watu wengi wema hufunga Alhamisi. Hakuna aliyeshangaa. Liban alisema Mungu amtakabalie, akaagiza kikombe cha bati, akammiminia kiasi cha kufungulia magharibi ikifika, akakiweka kando na kukifunika kwa sahani. Kisha akampa Sadia chombo.

Yote hayo yalikwenda kwa haraka ya mambo ya kila siku. Keynan alikuwa ameutafuta mlango wa kujitoa yeye, na akaupata, na alipokwisha kutoka ndipo alipomwona aliyebaki ndani. Mtoto alikishika chombo kwa mikono miwili. Alikiinua. Mdomo ulikuwa umeshagusa ukingo Keynan aliponyoosha mkono akaufunika kwa kiganja, na kwa kuwa mtoto hakutarajia, chombo kikainama, maziwa yakamwagika mkekani, yakakimbilia mchangani.

Sadia alimtazama nyanya yake ajue kama amekosa. Kumwaga maziwa ni jambo ambalo watu wale humkanya mtoto kabla hajajua kutembea, na hapa alikuwa mtu mzima, mgeni, tena aliyefunga.

"Asinywe," Keynan alisema. "Ngamia wako wamelamba udongo wangu, adeer. Ule wenye risasi."

Liban alikichukua chombo kutoka kwa mtoto, akakisimamisha mchangani, akakifunika. Hakupandisha sauti. Aliuliza lini. Keynan akasema asubuhi, saa mbili. Aliuliza wangapi. Watatu. Aliuliza kama watakufa. Keynan akasema hapana, akaeleza yote aliyoelezwa kuhusu maziwa, wiki mbili na Nairobi. Liban alihesabu kwa macho yake kitu ambacho wengine hawakukiona. Kisha akasema maziwa ya alfajiri yalikamuliwa kabla, na haya ya jioni yamekuja hapa kwanza, mkewe anasubiri arudi ndipo wagawe. Alimtuma binti wa jirani akimbie kwake, aseme yasiguswe. Binti aliondoka mbio.

"Sasa niambie," Liban alisema. "Ngamia hali udongo wa silanga. Nimewachunga miaka hamsini. Kwa nini wameula wako?"

Hilo ndilo swali ambalo Daktari Roda hakuuliza. Keynan alijua kuwa anaweza kusema sijui, na kwamba hakuna mtu ndani ya siku tatu za safari awezaye kumkanusha.

"Una chumvi," akasema. "Nilitakiwa niuoshe mpaka iishe."

"Mara ngapi?"

"Tano. Nimekuwa nikiosha mara mbili."

"Kwa nini?"

"Niliona haya," Keynan alisema. "Kumwaga maji, mbele ya wanawake wenye madumu matupu."

Kwa mara ya kwanza jioni ile Liban alimtazama usoni, na akamtazama kwa muda. Maka, aliyekuwa akikikunja kile kipande cha mkeka kilicholowa, aliacha.

"Hayo maji unayooshea," Liban alisema, "mwosho wa tatu, wa nne, wa tano. Yana nini ndani?"

Keynan alisema hayana kitu. Ni maji yaliyochujwa, na chumvi kidogo, inayopungua kila mwosho. Udongo ukiwa mpya hauna risasi.

"Maji safi yenye chumvi kidogo."

"Ndiyo."

"Na mimi nina ngamia hamsini ambao hawajalamba chumvi tangu mwaka jana, na njia ya Diff haina jani." Alisema bila ukali wowote, kama anayemsomea mtu anwani. "Ungeyamimina kwenye hori, wangekunywa mpaka tone la mwisho, wakakushukuru. Hukuhitaji kumwaga. Ulihitaji kuuliza."

Safari hii Keynan hakutafuta jibu zuri. Alikuwa amekaa miezi minne hatua mia moja kutoka kwenye hori lile.

Maka ndiye aliyelirudisha jambo kwenye mahali pake. Alisimama, akajifunga vizuri mtandio, akasema neno lake wanalikumbuka wote wawili. Amesema mnyama akidhurika chombo kinang'olewa siku hiyo hiyo. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Sadia, na haukuondoka pale.

"Ulisema akidhurika, Maka," Liban alimwambia. "Hatujui kama amedhurika. Atakayejua ni hiyo mashine."

"Basi mpaka lini?"

"Mpaka karatasi ya majibu ifike."

Wakaafikiana hivi, na Keynan hakuulizwa. Chombo cha kuchujia kiendelee mpaka majibu yafike. Yakiwa mabaya, kinang'olewa. Maziwa ya ngamia watatu yamwagwe kila kamuo, mahali mbuzi wasipofika, na Liban mwenyewe ndiye atakayeyamwaga, kwa kuwa hataki mtoto wake ayaone yakimwagwa na mtu mwingine. Maka atampa mbuzi wawili wenye maziwa wakae kwake mpaka mambo yajulikane, na wengine watatoa wawezavyo, kama inavyofanywa mwenye mifugo akipatwa. Udongo mpya uoshwe mara tano. Maji ya kwanza na ya pili, yenye chumvi kali, yamwagwe. Ya tatu hadi ya tano yaende horini, na Kinsi na wenzake wasimame wahesabu, kwa vile wanapenda sana kutazama.

Walikwenda zizini kwa Liban, Keynan akajaza chupa tatu za maziwa, moja kwa kila ngamia, akaziandika, wakarudi kwa Maka. Hapo alimwambia Liban kwamba Daktari Roda atapiga simu mara tu majibu yatakapotoka. Aliona uso wa Liban ukikunjamana.

"Watu wa ofisi wakija kuchukua, huja na gari," Liban alisema. "Wakiwa na cha kurudisha, hutuma ujumbe. Ukiwa mzuri, unafika. Ukiwa mbaya, mtandao unasumbua." Alikishika chombo chake kitupu kwapani. "Karatasi hiyo ikiwa mbaya, kazi yako hapa imekwisha, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuijua. Sitaki simu. Sema hapa, mbele ya dada yangu, utafanya nini."

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Maka alikuwa amesimama mlangoni, na Sadia ameshika upindo wa nguo yake.

"Siku ya kumi na tano nitakuwa hapa mwenyewe, adeer Liban," Keynan alisema, "na karatasi mkononi. Nitaisoma kwa sauti mbele yako na mbele ya eddo Maka. Ikiwa nzuri nitaisoma. Ikiwa mbaya nitaisoma vilevile, sitaruka hata mstari mmoja. Na daftari langu nitakuja nalo, lile nililoandika tano, nalo nitalisoma. Wallahi nitakuja."